Maji Ni Dakika Tano

Nilipokuwa darasa la nne nilifundishwa inchi, futi, yadi na maili, na nilichapwa mpaka zikakaa kichwani. Nilipofika chuo cha ualimu nikaambiwa nizitupe zote, sasa nchi inapima kwa mita na kilomita. Sikuona ubaya. Kilomita ina adabu, unaongeza sifuri au unaondoa sifuri, na hata mtoto mvivu anafika. Kilichonichosha ni kwamba magari hayakupelekwa chuo. Mengi yaliyokuwa yakitimua vumbi Ufipa miaka ile ya Ujamaa yalikuwa ya zamani, na mishale yake iliendelea kuhesabu maili bila kumsikiliza mtu. Kibao cha barabarani kinasema kilomita, gari linasema maili, na mtu aliyekaa katikati anasema lolote linalomjia.

Nilipangiwa shule ya kijijini kwetu, upande wa kuelekea Kaengesa. Nilikuwa msichana wa miaka ishirini na kitu, mwenye viatu vya kamba na kiburi cha cheti kipya. Nikapewa hesabu za darasa la saba. Mada ya mwendokasi ndiyo niliyoipenda kuliko zote, kwa sababu ilikuwa na kanuni moja tu: umbali gawanya kwa muda. Ukijua viwili, cha tatu hakina pa kujificha. Niliwafundisha watoto kilomita kwa saa, kisha mita kwa sekunde, zidisha kwa elfu moja, gawanya kwa elfu tatu na mia sita. Mmoja aliponiuliza ni nani anayetembea kwa sekunde, nilimwambia anyamaze aandike.

Mama yangu hakukaa darasani hadi ilipokuja elimu ya watu wazima, na hata huko alikwenda jioni chache akaacha, akisema mwalimu wao anasinzia kuliko wanafunzi. Lakini alikuwa na kipimo chake cha mwendo, nacho kilikuwa cha wanawake wote wa pale. Walihesabu kutua. Mwanamke akibeba debe la maji kichwani, kuna mahali shingo inakataa, na hapo anatua. Debe lililojaa huwezi kujitua peke yako bila kumwaga, wala huwezi kujitwisha. Lazima awepo mwenzako wa kukutua na kukutwisha tena. Kama mwenzako amechelewa, unakaa pembeni ya njia na debe lako, unang'oa majani, unangoja mtu apite.

Kwa hiyo ukimwuliza mama mahali fulani ni mbali kiasi gani, hakukujibu kwa maili wala kwa saa. Alikuuliza kwanza unakwenda na nini kichwani, na unakwenda na nani. Kutoka kijitoni hadi shuleni, mikono mitupu, ni hapo tu. Ukiwa na debe ni kutua mara mbili. Hadi barabara kuu ni kutua mara nne, au tano kama nyonga imeamka vibaya.

Nyonga yenyewe ilikuwa yake. Nikiwa mdogo aliteleza kwenye korongo la kijito akiwa na mtungi, na tangu siku hiyo alitembea akivuta mguu wa kushoto. Baba alikwisha kufariki. Nyumba yetu ilikuwa chini, karibu na maji, mahali ambapo aliye mlangoni angeweza kumwita aliye kijitoni na kuitikiwa. Juu kidogo kulikuwa na shamba lake la ulezi na maharage, lenye matuta ya duara ambayo Wafipa tunayalima kwa kufukia nyasi mvua zinapokaribia kwisha. Mimi nikiwa shuleni, kila tone la maji lililoingia katika nyumba ile lilipita juu ya kichwa chake. Na kwa sababu kijito kilikuwa karibu, aliweza. Hilo ndilo jambo la kulishika, kwa kuwa yote yaliyofuata yalitokana nalo: maji yakiwa karibu mama anaishi kwa miguu yake mwenyewe, yakiwa mbali anaishi kwa hisani ya watu.

Kisha serikali ikaja kutuhamishia kijiji kipya cha Ujamaa.

Niseme wazi, maana wapo watakaosoma hapa na kudhani nilikuwa mpinzani. Sikuwa. Niliamini tuishi pamoja, tulime pamoja, watoto wasome na zahanati iwepo. Nyimbo za Ujamaa niliziimba kwa sauti kuliko mtu yeyote katika shule ile, na nyingine niliwafundisha watoto mimi mwenyewe. Lakini kukubali kuishi pamoja ni jambo moja, na kukubali kuishi pamoja kwenye kiu ni jambo jingine, na mtu asinichanganyie hayo mawili hata leo.

Aliyeletwa kusimamia kazi alikuwa ofisa kijana, suruali ya kaki iliyopigwa pasi, sauti nzuri ya mkutano. Alitoka mikoa ya mbali, na baridi yetu ya kiangazi, ule upepo unaovuma Ufipa bila mti wa kuuzuia, ilimfanya avae koti hadi mchana. Alikuwa na gari la serikali na dereva mtu wa Mbeya. Wakapiga kambi kando ya barabara kuu, mahali ambapo kijiji kipya kingejengwa, wakiwa na wanamgambo kadhaa wa kupigilia vigingi vya viwanja. Mwenyekiti wa kijiji akaweka zamu: kila siku wanawake wanne wapeleke maji kambini, asubuhi na jioni. Wanawake walipeleka. Mgeni anapewa maji, hakuna aliyelalamika.

Baada ya wiki hivi tukaitwa mkutanoni, uwanja wa shule. Ofisa alieleza vizuri, nikubali. Alisema maagizo aliyopewa ni kwamba kijiji kisikae mbali na maji, mwendo usizidi robo saa. Watu waliposikia hivyo wakapumua. Mzee mmoja akauliza basi itakuwaje, maana barabarani hakuna maji. Ofisa akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilingoja swali hilo hilo.

"Nimepima mwenyewe," alisema. "Kutoka kambini hadi kijitoni, maji ni dakika tano."

Watu walitazamana. Akafafanua, akionyesha kwa vidole: gari lilikwenda kwa spidi ya thelathini, kwa dakika tano kamili, mpaka ukingo wa korongo, na maji aliyaona kwa macho yake. Thelathini kwa saa, kwa dakika tano, ni kilomita mbili na nusu. Amekwisha kuandika hivyo kwenye taarifa yake. Robo saa tuliyopewa tumetumia theluthi moja tu. Mwenyekiti akaanzisha makofi.

Mimi nilikuwa nimesimama nyuma na watoto wangu wa darasa la saba, na kilomita mbili na nusu haikuniingia akilini. Njia ile nilikuwa naipita tangu nikiwa mgongoni. Mkutano ulipovunjwa kwa ajili ya chakula, nikaenda lilipoegeshwa gari, chini ya ukuta wa darasa. Dereva alikuwa amefungua boneti anaongeza maji kwenye rejeta. Nikamsalimia, nikachungulia ndani kwenye kisahani cha spidi. Namba zilikuwa zile zile nilizochapiwa darasa la nne. Maili. Nikamwuliza kwa nini wasisome tu kihesabu safari, kile kinachoonyesha umbali. Akasema hicho kilikufa siku nyingi, mshale pekee ndio ulio hai, ndiyo maana wanapiga hesabu kwa spidi na saa ya mkononi. Nilipomwambia kwamba mshale ule ni wa maili akacheka, akasema hilo analijua sana, ila hakuulizwa.

Watu walipokaa tena nikanyoosha mkono. Mwenyekiti alijifanya hanioni. Nikaendelea kuunyoosha mpaka ofisa mwenyewe akanipa nafasi, kwa heshima, "Mwalimu, karibu." Nikasema gari lake linahesabu maili. Alichokwenda si kilomita mbili na nusu, ni maili mbili na nusu, na hizo ni kilomita nne kamili. Kijito kiko mbali zaidi ya mara moja na nusu ya alivyoandika.

Uwanja ukachangamka. Nikadhani nimeshinda, nikabaki nimesimama na kidevu juu.

Ofisa hakukasirika hata kidogo. Akatoa kalamu, akaiandika pale pale. Akanishukuru kwa masahihisho, akasema hivi ndivyo wasomi wanavyotakiwa kusaidia taifa lao. Halafu akawageukia watu. Ziwe maili au kilomita, alisema, gari halijui. Dakika ni zile zile tano. Robo saa bado haijafika.

Makofi yale yalikuwa makubwa kuliko ya kwanza. Nilikaa chini uso ukiwaka. Nilikuwa nimemsafishia taarifa yake, nikamwondolea kosa moja dogo, na kosa kubwa likabaki limesimama pale pale likiwa limevaa vizuri zaidi. Nilikasirika, na sijui nilimkasirikia nani zaidi, yeye au kanuni yangu.

Tuliporudi nyumbani mama alikuwa mbele, mimi nyuma. Tulipofika pale wanawake wanapotua mara ya kwanza, penye jiwe bapa, akakaa kupumzisha nyonga. Akaniambia, kwa Kifipa, maneno ninayoyaweka hapa kwa Kiswahili:

"Gari umelipigia hesabu, na umeipata. Sasa nipigie mimi."

Kesho yake nilimpigia. Nilifika darasani, nikafuta kila kitu ubaoni, nikawauliza watoto ni nani ambaye mama yake alikuwa zamu ya maji ya kambi wiki ile. Mikono ikanyooka. Nikauliza wanaondoka kijitoni saa ngapi na wanafika kambini saa ngapi. Hakuna mama aliyekuwa na saa, lakini kengele ya shule ilisikika bondeni hadi barabarani. Msichana mmoja akasema mama yake hutwishwa kengele ya kwanza inapolia, na akifika kambini na kutua husikia kengele ya mapumziko. Wengine wakasema ndivyo. Ilikuwa karibu saa moja na nusu, pamoja na kutua kote na kungojana.

Nikawaambia haya, tufanye. Kilomita nne kwa saa moja na nusu. Wakapata kilomita mbili na kitu kwa saa. Nikawaambia wabadili iwe mita kwa sekunde. Waligawanya, wakafuta, wakagawanya tena. Ilikuja pungufu ya mita moja. Kisha tukabadili na mwendo wa gari, kutoka maili hadi kilomita, kutoka kilomita hadi mita. Mita kumi na tatu kwa kila sekunde. Nikapiga kofi mezani, nikawaambia katika kofi hilo gari limeshapita kutoka mlango ule hadi kwenye mlingoti wa bendera, na mama yako hajamaliza hatua mbili. Yule aliyewahi kuniuliza ni nani anayetembea kwa sekunde alinitazama, na safari hii sikumwambia aandike. Aliandika mwenyewe.

Tukapiga na hesabu ya mwisho: mama wa debe, kwa robo saa aliyopewa na maagizo, anafika wapi? Hafiki hata kilomita moja. Nikachora ubaoni mstari kutoka kijitoni hadi barabarani, nikaweka alama pale robo saa inapokwisha. Ilikuwa chini kabisa, karibu na mashamba yetu ya ulezi. Kwa maagizo yao wenyewe, kijiji kilitakiwa kuwa pale.

Habari hizi zilimfikia mwenyekiti kabla ya mchana, maana watoto hawana breki. Akaja, akasimama dirishani, akasoma ubao kwa muda mrefu. Alikuwa mtu wa ukoo wetu kwa mbali, mjomba kwa namna ya kuhesabu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia bila kunitazama. Akasema nifute. Nikamwambia hesabu ya darasani hufutwa ikionyeshwa ilipokosewa, aingie achukue chaki. Akasema hii si hesabu, ni siasa. Nikamwambia kama ni siasa basi ni ile ile tuliyofundishwa, kwamba viongozi wasikilize watu. Akashusha sauti, akaniambia kiujomba kwamba kuna shule kule Kaoze inatafuta mwalimu, na barua za uhamisho haziandikwi kwa shida.

Kaoze iko bondeni, chini ya ukingo wa Rukwa, joto na mbu, na mtu aliyezoea baridi ya juu huenda kule kama amefungwa. Nilijua anachosema. Niliogopa, ndiyo. Lakini ubao sikuufuta. Niliuacha wiki nzima, na masomo mengine nikayafundishia upande uliobaki.

Ofisa aliupata ujumbe, akaja kuutazama ubao siku moja jioni. Alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti juu. Akasema hesabu ni sahihi. Ila, alisema, mwalimu, nchi haiwezi kupangwa kwa mwendo wa mwanamke mwenye debe. Tunakimbia. Wenzetu wakitembea sisi lazima tukimbie. Nikamwuliza sisi tukikimbia, maji atabeba nani. Akainuka, akaniambia nitaelewa nikikua kidogo kazini. Vigingi viliendelea kupigiliwa barabarani.

Nilikuwa nimefika mwisho wa elimu yangu. Mama ndipo alipoanzia.

Siku ya zamu yake ilipofika hakwenda. Alikaa mlangoni akichambua maharage. Wenzake watatu wa zamu walipompitia na madebe yao, aliwaambia jambo, wakatua madebe matupu, wakakaa naye. Zamu ya jioni nayo haikwenda. Kesho yake wanawake wa zamu iliyofuata walikuja na maharage yao. Mwenyekiti aliteremka mwenyewe, amevaa kofia ya mkutano, nikiwa nimetoka shuleni kula. Aliwauliza kama wamegoma. Aliwakumbusha faini. Aliwaambia wageni kule juu hawajanywa chai tangu jana.

Mama hakusimama. Alimjibu akiendelea na maharage yake.

"Ndugu Mwenyekiti, tulisikia mkutanoni kwamba maji ni dakika tano, na sote tulipiga makofi. Sisi hatuna mwendo wa dakika tano. Mwenye nao ayafuate."

Faini mwenyekiti angemtoza nani? Yeye ndiye aliyeanzisha yale makofi. Alipanda kilima taratibu, na wanawake hawakucheka mpaka alipopotea machoni.

Basi asubuhi iliyofuata gari likaja kufuata maji.

Nilikuwa ukingoni mwa korongo na nusu ya kijiji, kwa sababu jambo kama hilo haliwezi kukupita. Gari lilifika kwa kasi yake ile ile, vumbi nyuma, mshale bila shaka kwenye thelathini. Likasimama ukingoni, maana chini hakuna njia ya gari. Dereva na wanamgambo wawili wakateremka na madebe. Walijaza vizuri. Kupanda ndiko kulikowashinda. Waliyabeba mikononi, mbele ya mapaja, kwa sababu kwa mwanamume wa miaka ile, kuliko kubeba debe kichwani mbele ya wakwe na mashemeji, ilikuwa afadhali afe na kiu. Maji yaliwalowesha suruali, mmoja akateleza na debe likarudi kijitoni bila yeye. Wanawake walikuwa wamekaa kwenye majani, wanatazama, wamekunja mikono. Mama alikuwa miongoni mwao. Hakuna aliyeinuka kumtua mtu.

Mwishowe madebe matatu yakapakiwa nyuma ya gari, yamejaa robo tatu. Dereva akawasha, akaondoka kama alivyokuja. Tulisikia madebe yanavyogongana hata kabla hayajafika kwenye njia ya ng'ombe. Baadaye tuliambiwa kwamba yalipofika kambini, katika yote matatu hayakupatikana maji ya kutosha sufuria moja, na magunia ya unga yaliyokuwa nyuma ya gari yaliloa yakawa uji mbichi.

Wanawake wetu wanajua dawa yake. Unaweka matawi yenye majani juu ya maji na hayaruki. Hakuna aliyewaambia. Mimi pia nilijua, sikuwaambia, na sijuti.

Mchana wakarudi, na safari hii ofisa alikuwa ndani ya gari. Alikuwa na midomo mikavu na hakusalimia mtu. Madebe yakajazwa, yakapandishwa kwa tabu ile ile, yakapakiwa. Akamwambia dereva aende polepole. Dereva akaenda polepole. Maji yakamwagika. Akamwambia apunguze tena, na tena, mpaka gari likawa linatambaa kwenye njia ya ng'ombe na watoto wanatembea pembeni yake wakipiga gumzo. Mimi nilikuwa miongoni mwa waliotembea. Nilichungulia dirishani kama siku ile ya mkutano. Mshale ulikuwa umelala kwenye sifuri. Haukuwa umeharibika, maili kumi ndiyo namba yake ya kwanza, na spidi tuliyokwenda haikuweza kuuamsha.

Ofisa aliona ninachokitazama. Tulikuwa tumefika penye jiwe bapa, na jua lilikuwa limeanza kuinama. Alitazama saa yake ya mkononi, akaitazama njia iliyobaki, akaushusha mkono wake chini ya dirisha ambako sikuweza kuuona. Kengele ya jioni ya shule ililia kabla hatujafika nusu. Harufu ya petroli inayoungua bure ilitufuata njia nzima.

Walivumilia siku mbili zaidi. Petroli haikuwa kitu cha kuchezea miaka ile, na ile iliyokuwa ndani ya mapipa yao ilipimwa kwa kazi ya vigingi, si kwa kazi ya chai. Wanamgambo wakaanza kuteremka kwa miguu mmoja mmoja, kujifanya wanasalimia watu, na kunywa maji ya majumbani. Walipewa. Hatukuwa tumegoma kumpa mtu maji, tulikuwa tumegoma kuyabeba. Mmoja wao, kijana wa watu, alimwuliza mama akiwa amekaa kwenye kigoda chetu kama ni kweli alikuwa akifika barabarani na debe kwa mguu ule. Mama akamwambia ni kweli, na akamwongezea kikombe.

Kisha siku moja vigingi vikang'olewa. Hakukuwa na mkutano wala maelezo. Wanamgambo walivibeba mabegani, wakateremka navyo, na wakaanza kuvipigilia upya chini, pale juu kidogo ya mashamba ya ulezi. Mwenyekiti alitangaza kwamba wataalamu wamefanya uchunguzi wa kina na kuona udongo wa chini unafaa zaidi kwa ujenzi. Nilitoka darasani nikaenda kupima kwa macho. Hawakuviweka pale pale nilipochora alama, walipanda juu kiasi, pengine ili isionekane wamefuata ubao wa mtoto wa kike. Lakini ilikuwa kutua mara moja tu, na hata nyonga ya mama ingeweza hiyo.

Siwezi kusema kila mtu alifurahi. Wapo waliohamishwa kutoka ng'ambo ya korongo wakaacha makaburi ya wazee wao, na nyumba zao zikaezuliwa wakiwa ndani. Kijito hakikuwafuta machozi hao. Mimi nasimulia la mama yangu, na la mama yangu ni kwamba alihama na mlango wake, na fremu yake, na mawe yake matatu ya jiko, na kesho yake aliteka maji mwenyewe.

Barua yangu ilikuja kabla ya sherehe ya kukifungua kijiji. Kaoze. Haikutaja ubao wala gari, ilisema mahitaji ya kazi. Niliikunja nikaiweka kwenye sanduku pamoja na nguo, na kwa kuwa sikuwa na la kupoteza tena, nilikwenda kwenye sherehe nikakaa mstari wa mbele, kwenye viti vya wageni, bila kualikwa. Hakuna aliyeniondoa.

Ofisa alitoa hotuba. Sauti yake ilikuwa imerudi. Alisema juu ya umoja na juu ya jembe, halafu akafika kwenye maji. Alisema serikali haikulala, imehangaika usiku na mchana, na leo imewasogezea wananchi maji hadi mlangoni. Mwenyekiti akainuka, akasema angependa mmoja wa akina mama wazee atoe neno la shukrani kwa jambo hilo. Sijui ni nani aliyemchagulia mama yangu. Labda alidhani akipewa heshima atanyamaza. Mama alijiinua kwa mkono wa jirani, akaenda mbele akivuta mguu, akasimama karibu kabisa na ofisa. Alikuwa mfupi, ikabidi aangalie juu. Hakutumia ile sauti ya mkutano. Alizungumza naye kama anavyozungumza mtu na kijana wa nyumba ya pili, lakini uwanja ulikuwa kimya na kila mtu alisikia.

"Ahsante kwa kiwanja, mwanangu. Ila maji hayakusogea. Yako pale pale yalipokuwa kabla hujazaliwa. Uliyesogea ni wewe."

Na wanawake wakapiga vigelegele, kabla mwenyekiti hajaamua kama vinaruhusiwa.